Kanumba alikuwa anaigiza, au tulimpenda tu?

Boti ya kwenda Baraka, Kongo, ilikuwa inapakia, na yule mama wa Kikongo jicho moja lilikuwa kwenye mzigo wake, jingine kwenye kompyuta. Vitenge alishamaliza kuuza, sasa alitaka vya kuondoka navyo: sabuni, chumvi, na muvi. Pale Kibirizi, Kigoma, karibu na maji, kuna kibanda cha bati ambamo kijana anarusha nyimbo na muvi kwenye simu za watu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nasubiri simu yangu ipate chaji.

"Unitilie za Kanumba," mama akasema, akamkabidhi memori kadi. "Zote."

Kijana akatafuta. Zikatokea chache, na katika hizo chache zipo zilizogoma kufunguka. Mama akashangaa kweli kweli. Hapa si ndiyo Tanzania? Kwao, alisema, mtu mmoja tu mtaani ana nyingi kuliko hizi. Akalipa, akachukua kadi yake, akashuka mchangani huku anawafokea wapagazi.

Kijana akanigeukia. Kwa kumtazama tu, mwaka 2012 alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

"Dada, samahani. Huyu Kanumba wenu alikuwa anaigiza kweli, au mlimpenda tu kwa sababu alikufa?"

Nikacheka. Nikamjibu harakaharaka, kwa ukali kidogo, utadhani ametukana ndugu yangu. Halafu nikapanda bodaboda kurudi Ujiji, na lile swali likapanda na mimi.

Wiki zimepita, halijashuka.

Msiba ulivyofunika kazi

Wa rika langu hamhitaji kukumbushwa. Ijumaa Kuu ya 2012 iliangukia tarehe 6 Aprili, na tulipoamka Jumamosi Steven Kanumba, steringi wa Bongo Muvi, hayupo. Miaka 28. Huku kwetu habari ilikuja kwa meseji kabla ya redio, na nusu ya mtaa walikataa kuamini, maana kwenye muvi alishakufa mara nyingi na tukamwona tena mwezi uliofuata.

Jumanne yake mwili ukaagwa viwanja vya Leaders, ukazikwa makaburi ya Kinondoni. Siku hiyo banda umiza la mtaani kwetu, lile la kuonyeshea muvi, lilifunguliwa bila kiingilio. Mwenye banda alikuwa mtu wa kumtoza hata mtoto wa dada yake, lakini siku hiyo alipandisha tivii juu ya meza mbili ili wa nyuma waone. Tukaangalia mazishi kwenye mabenchi yale yale tuliyoangalilia muvi, na watu wakalia kwenye sehemu zile zile ambazo wangelia kwenye muvi: jeneza lilipoinuliwa, udongo ulipoanza kuanguka.

Nadhani hapo ndipo kazi yake ilipofunikwa. Baada ya hapo ikawa kesi, uvumi wa kila rangi, magazeti ya udaku, mpaka mwigizaji mwenzake, Lulu, alipohukumiwa kwa kumuua bila kukusudia mwaka 2017. Tafuta jina lake leo: utaletewa chumba cha Sinza na kaburi la Kinondoni. Namna alivyosimama mbele ya kamera haizungumzwi. Yule kijana ana haki ya kuuliza. Tumemrithisha msiba, muvi hatukumrithisha.

Kwa hiyo nikaanza kuzitafuta. Nyingine nimezipata YouTube, zimekatwakatwa. Nyingine zilikuwa kwa mjomba, CD zenye mikwaruzo ndani ya mfuko wa Rambo, na deki yake ambayo lazima uipige kofi kabla haijasoma. Nikaangalia usiku, watoto wakiwa wamelala.

Watu wa mikoani

Kanumba alizaliwa Shinyanga, tarehe 8 Januari 1984. Msukuma. Shule ya msingi Bugoyi, sekondari Mwadui kule kwenye almasi, kisha akahamia Dar es Salaam. Treni inayotoka Kigoma na ile inayoshuka kutoka Mwanza kupitia Shinyanga hukutana Tabora, na kuanzia pale wote mnakuwa watu wa bara mnaoelekea Dar. Mtu wa Dar hana muda wa kutofautisha Mha na Msukuma. Wote tumetoka mikoani, wote tunashangaa magorofa. Liweke hilo kichwani, nitalirudia.

Mwaka 2002 akaingia Kaole Sanaa Group, wale ambao tamthilia zao zilikuwa zinarushwa ITV: *Jahazi*, *Dira* na nyingine. Waigizaji Ray na Johari nao walipitia huko huko. Sisi tuliziangalia kwa jirani, sebuleni, viatu mlangoni, tumekaa chini kwenye zulia, na ukikohoa sana unatolewa. Kaole walikuwa na mizizi ya jukwaani na ilionekana wazi. Kila mtu anaongea kana kwamba anamlenga aliyekaa kiti cha mwisho, mikono inapepea, hasira inaanzia juu na kupanda zaidi.

Kanumba wa wakati ule naye hivyo hivyo.

Nilipoangalia vipande vyake vya zamani nilinyong'onyea. Kijana mzuri, sauti nzuri, macho makubwa yanayopenda kamera. Lakini anauza sura. Anasubiri mwenzake amalize kusema ili aanze yeye, na wakati wa kusubiri hakuna kinachoendelea usoni. Nikajiambia, basi, huyu mtoto wa Kibirizi ana hoja.

Tamthilia ilikupa jina, nyumba ukajitafutie. Mwaka 2003 *Girlfriend* ya George Tyson ilishaonyesha kwamba muvi ya Kiswahili inaweza kuuzwa na watu wakaifuata, na waigizaji wa tivii wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda kwenye CD. Kanumba naye akahama. Katika maamuzi yake yote, hilo ndilo lililozaa mengine, ingawa kwa macho ya wakati ule lilionekana kama kuacha mshahara mdogo ufuate kubahatisha.

Geti

Sasa tuseme ukweli kuhusu Bongo Muvi ya miaka ile, maana tukimtetea mtu kwa kudai muvi zilikuwa nzuri tutaumbuka.

Gari linapiga honi. Mlinzi anafungua geti. Gari linaingia, linazimwa. Mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea, anapanda ngazi, anabonyeza kengele. Dada wa kazi anatoka jikoni anajifuta mikono. Karibu. Asante. Nikuletee kinywaji gani? Juisi. Juisi inaletwa kwenye trei, inamiminwa taratibu, na mpaka hapo hakuna aliyesema jambo lolote linalohusu stori.

Ilikuwa biashara. Stori moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe CD mbili, kwa hiyo lazima ivutwe. Mara nyingi upigaji picha ulikuwa wa siku chache, skripti ni maelekezo tu, maneno waigizaji wajitafutie wenyewe pale pale lokesheni. Prodyuza akimaliza anapeleka Dar kwa msambazaji, wengi wakiuza masta, yaani nakala mama ya muvi, moja kwa moja na kuanza nyingine kesho yake. Kanumba alicheza filamu zaidi ya 40, nyingi zimebanwa kwenye miaka yake sita ya mwisho. Piga hesabu: muvi moja kila baada ya miezi miwili, au chini ya hapo. Mazoezi ungeyafanya saa ngapi?

Na sisi huku gizani. Gridi ya taifa ilikuwa bado miaka kumi kutufikia, umeme ni wa mashine za dizeli na wa mgao, banda linaungurumishwa na jenereta. Joto, jasho, harufu ya dagaa kwenye nguo za waliotoka ziwani, na mbele yetu sofa nyeupe za Mbezi. Nimejiuliza sana tulikuwa tunaangalia nini pale.

Nikapata kwa kuacha kusogeza mbele. Kila mtu akifika kwenye geti anasogeza. Usiku mmoja mikono yangu ilikuwa na unga, nikaacha iende. Basi nikaona. Waigizaji wengi wa kipindi kile wanaingia kwenye nyumba ya kifahari wakiwa wameshaizoea, sofa wanaiangukia. Kanumba, hata anapoigiza tajiri mwenye nyumba, kuna kitu kidogo kinapita kabla hajakaa. Anavuta suruali magotini. Jicho linapanda ukutani mara moja na kushuka. Anakaa pembeni kwanza, halafu ndipo mgongo unarudi nyuma. Ndivyo mjomba wangu anavyokaa akienda ukweni.

Huyo ni mtu aliyewahi kuambiwa asiguse vitu vya watu.

Sidhani dairekta alimpangia. Sidhani hata mwenyewe alijua. Lakini sisi tuliokaa chini kwenye zulia la jirani tulikuwa tunakijua kikao kile kwa mwili mzima. Steringi wetu alikuwa mtu wa mikoani ambaye amefika na bado anaangalia kama kuna atakayemtoa. Hapo ndipo nilipoanza kuachana na yule kijana.

Lagos, na lile la Kiingereza

Kabla ya Bongo Muvi, banda letu liliishi kwa Wahindi, kung fu na Wanaijeria, na juu yake sauti ya mtafsiri. Lufufu na wenzake waliokuja baadaye walikuwa wanatafsiri, wanaongeza chumvi, wanamtukana mhusika mbaya kwa niaba yetu. Kiingereza cha Lagos kilitupita pembeni. Mtafsiri ndiye aliyekuwa muvi yenyewe.

Halafu mwaka 2006 ikatoka *Dar 2 Lagos*. Mtu wetu, wa Shinyanga, kwenye fremu moja na Mercy Johnson wa Nigeria. Kwenye banda watu walisimama, na waliokuwa nyuma wakalalamika hawaoni, na hakuna aliyekaa. Mwaka 2011 akamleta Mnaijeria mwingine, Ramsey Nouah, kwenye *Devil Kingdom*, na wakati huo hatukushangaa tena. Tulishazoea kwamba huyu jamaa akitaka kitu anakifuata.

Katikati ya hayo kuna 2009. Alikwenda Afrika Kusini kama mgeni kwenye jumba la Big Brother, na Kiingereza chake kikawa kicheko cha nchi nzima. Tulimcheka, jamani! Tulimcheka sisi ambao kwa lugha hiyo tusingeweza hata kuomba maji ya kunywa. Angeweza kunywea, arudi kwenye Kiswahili ambako hakuna wa kumcheka. Akafanya kinyume. Majina ya Kiingereza yakaendelea kwenye kava, wageni wakaendelea kuja, kampuni akaiita Kanumba The Great, hakusubiri mtu mwingine ampe hilo jina.

Zamani niliona ni majivuno matupu. Sasa nayumba.

Kwa upande mmoja, ile kiu ilimharibia. Ziko muvi ambazo mhusika wake akikasirika anahamia Kiingereza, na akihamia Kiingereza mwili wake wote unakauka. Ile mikono ya Kaole inarudi kupepea, macho yanatafuta neno linalofuata. Unamwona akifanya mtihani. Kwa upande mwingine, bila kiu hiyo hiyo angebaki *Jahazi*, tungemkumbuka kwa jina la mhusika mmoja, na yule mama asingemtaja mwaloni Kibirizi. Nikisimama huku naona kule, nikisimama kule naona huku, na nimechoka kuamua.

Muvi zilivyovuka maji

Turudi kwa mama huyo kidogo, maana yeye ndiye ushahidi ambao kijana hakuuona.

CD zilitufikia kwa treni na kwa basi, halisi chache, za kuchoma nyingi. Kutoka hapa zikavuka ziwa na maboti: Baraka, Uvira, Kalemie, Rumonge, Bujumbura. Zikapanda pia malori hadi Kasulu, zikaingia kambi ya Nyarugusu, ambako Wakongo wapo tangu 1996. Nimefanya kazi ya muda kule, na vijana waliozaliwa kambini wameniambia Kiswahili chao cha Bongo walikiokota kwenye muvi. Watu waliokimbia vita wamejifunza kutongoza, kugombana na kuombana radhi kwa Kiswahili cha Sinza.

Na Kanumba alifaa kwa hilo. Anaongea taratibu, anamalizia neno, hapigi mafumbo ya mtaa. Wachekeshaji wetu walikuwa hodari kuliko yeye, lakini utani wao mwingi unataka uijue Tanga au Temeke ndipo ucheke. Majonzi yake hayakuhitaji ramani. Haya yote yalitokea akiwa hai, kabla ya Aprili ile. Kwa hiyo sehemu ya pili ya swali, kwamba tulimpenda kwa kuwa alikufa, hiyo naikataa moja kwa moja.

Hela ndiyo haikuvuka kurudi. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. Stempu za kodi kwenye CD za muziki na filamu zimekuja 2013, yeye hayupo, na CD zenyewe zinakata roho kwa sababu memori kadi imeingia. Mwaka 2017 waigizaji waliandamana hadi Kariakoo kulalamikia muvi za nje. Mwaka 2018 King Majuto, aliyepanda jukwaani Tanga tangu 1958 akiwa mtoto, alikuwa kitandani mgonjwa ndipo wizara ikaanza kupekua mikataba ya wasanii. Miaka sitini ya kuchekesha watu! Kanumba alishtuka mapema. Kuwa na kampuni yako maana yake masta ni yako, na ukiuza unauza unachokijua. Katika mambo yake yote, hili sina mashaka nalo hata kidogo.

Kilichonikera

Muvi hizi niliziangalia banda umiza nikiwa binti, sasa naziangalia nikiwa mama wa watoto, na kuna kitu hakikunikera zamani kinachonikera leo. Wanawake. Binti mwenye tamaa, mama mkwe mwenye roho mbaya, mke wa kulia. Si za Kanumba peke yake, soko zima lilikuwa hivyo, ila zake hazikutoka nje ya soko. Mwanaume anakosea, analia, anasamehewa. Mwanamke anakosea, anapata ugonjwa.

Na analia sana, ndugu zangu. Analia mpaka kinanda kinachoka.

Ila nikikumbuka vizuri, hicho ndicho mama zetu walichokuwa wanakifuata pale bandani na vitenge vyao mabegani. Mwanaume mzima, suti safi, machozi na kamasi, bila kugeuza uso. Baba zetu huku hawakulia hata kwenye misiba ya mama zao. Mama yangu mdogo, ambaye hasemi sana, aliwahi kutoka bandani akasema, "Angalau huyu anaonyesha." Wakati ule niliona ni maneno ya kizee.

Wale watoto

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililomaliza ubishi, kwangu mimi.

*Uncle JJ* na *This Is It* alicheza na watoto wadogo. Mtoto hana habari na staa. Anajibu kabla hajaulizwa, anasahau alichoambiwa, anaangalia kamera, anajikuna katikati ya huzuni. Mwigizaji wa kuuza sura hapo anaumbuka, kwa sababu hakuna wa kumsubiri amalize sura yake.

Kanumba anachuchumaa. Sauti inashuka. Mikono iliyokuwa inapepea tangu Kaole inatulia magotini, na kwa mara ya kwanza unamwona anasikiliza, anangoja neno ambalo hajui litakuja lini, na likija linambadilisha uso kabla hajajibu. Mtoto akichelewa, hamvuti. Anakaa tu pale na yeye. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena, deki ikagoma, nikaipiga kofi, nikaangalia tena.

Alikuwa anaigiza. Si kila siku, si kila muvi, na mara nyingine alijizuia mwenyewe kwa kutaka kuonekana mkubwa. Alipokufa alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuzoea kutofanya chochote mbele ya kamera, jambo ambalo wengine hulipata wakiwa na miaka 40 au wasilipate kabisa.

Kwa hiyo kama umezaliwa juzi na unataka kuhakikisha, usianzie kwenye kava lenye gari. Anza na *Uncle JJ*. Kinanda kikikukera, punguza sauti wakati watu wazima wanaongea na uirudishe watoto wakiingia. Sehemu za kulia, vumilia kidogo halafu ruka. Ila geti lisogeze mbele lile la kwanza tu. La pili liache liende mpaka akae.